Koti la Mzee wa Miaka Mitatu

Nilijifunza kushona kwa kufumua. Hakuna aliyenifundisha, na nasema hivyo si kwa kujisifu bali kama mgonjwa anavyomweleza daktari maumivu yalikoanzia. Nilikuwa nikichukua nguo ya mtoto iliyochakaa, naikata mishono yote kwa wembe, navitandaza vipande kitandani na kuvikodolea macho mpaka nielewe kila kimoja kilikuwa na kazi gani. Kisha navishona tena. Mara nyingi nguo ilirudi kuwa nguo. Mara nyingine ilirudi vizuri kabisa, inavalika, inapendeza, ila mkononi mwangu kimebaki kipande kimoja kisicho na kwao. Kipande cha namna hiyo kingeninyima raha wiki nzima.

Nilichagua nguo za watoto wadogo kwa sababu ya woga. Kitambaa ni kidogo, kwa hiyo nilidhani na kosa litakuwa dogo. Tena mvaaji hajui kusema. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, cherehani ya mama yangu, na nafasi ya meza moja kwenye baraza ya duka hapa Mwingi, mahali ambapo malori ya kwenda Garissa yakipita yanaacha vumbi juu ya kila kitu cheupe. Akina mama waliniletea vitu vilivyomaliza kazi yake ya kwanza. Shati la baba lililochanika kola: mgongo wake unatoa gauni la mtoto wa mwaka mmoja, na mikono yake inatoa kaptura mbili. Soksi ya mwanamume iliyotoboka kisigino inakuwa kofia ya mtoto mchanga, kwa sharti kwamba mama yake asiambiwe ilikuwa soksi ya nani. Sketi ya kwaya iliyopauka inakuwa suti nzima ya mvulana, na kijani kilichofichika ndani ya pindo kinatokea kama kipya.

Kila mshono niliuvuta mara tatu kuona kama utashika. Nikisahau kama nimevuta mara mbili au tatu, nilianza upya. Kuna jambo sijawahi kumwambia mtu. Siku moja niliona gauni nililoshona limeanikwa kwenye kamba ya mwenyewe, na pindo lake limepanda upande mmoja kama upana wa punje ya mchele. Nilitazama huku na huku, nikalianua, nikakimbia nalo, nikalifumua, nikalishona, nikalipiga pasi ya makaa, nikalirudisha kwenye kamba. Wiki ile mama mwenye gauni alieleza sokoni kwamba Mwingi kumeingia mwizi anayeiba nguo na kuzirudisha zikiwa zimepigwa pasi. Nilikuwa nimesimama pale pale. Nilisema, "Ai, watu wamekuwa wabaya."

Kosa langu la kwanza kubwa lilikuwa gauni jeupe la mtoto wa kupelekwa kanisani kubarikiwa. Nilimpima shingo. Nikapima shingo mara nne, kwa uangalifu wote, nikakata tundu linaloikaa shingo ile kama pete. Asubuhi ya ibada mama yake alijaribu kumvalisha, na ndipo sote tukagundua kwamba kabla ya kufika kwenye shingo, nguo hupitia kichwani. Kichwa cha mtoto kilikuwa kikubwa kuliko shingo yake, kama vichwa vyote duniani, na mimi sikuwa nimelifikiria hilo hata kidogo. Ikabidi mtoto aingizwe kuanzia miguuni, watu watatu wakisukuma. Aliingia. Kutoka ndiko kulikokuwa kazi.

Mteja aliyefuata nilimwita mama kwa Kikamba, nikamwuliza mapema ili nisirudie: "Mwaitu, mtoto wako ana kichwa kikubwa?" Alinitazama, akakunja kitambaa chake, akambeba mwanawe na kichwa chake, akaondoka. Hapo nikajiwekea sheria: pima kila kitu, usiulize kitu. Swali linamwonyesha mteja kwamba hujui. Kwa sheria hiyo ndiyo nikaharibu koti la mzee.

Kwanza nieleze jambo moja, ili anayesoma asiteseke kama nilivyoteseka mimi. Kwetu Ukambani mke hatamki jina la baba mkwe wake. Tunaita nthoni, heshima iliyochanganyika na haya. Hamtaji, hamshiki, hakai naye karibu. Lakini mtoto wake wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu huyo huyo. Sasa mama wa watu afanye nini? Hawezi kumwita hata mwanawe wa kumzaa. Kwa hiyo anamwita "Mzee." Ukipita kwenye maboma ya huku utasikia mwanamke akifoka, "Mzee, toka kwenye matope!" na usishtuke. Mgeni asiyeijua desturi hii angeuliza ni mzee yupi. Mimi niliijua. Ndiyo maana sikuuliza.

Jumanne moja, siku ya soko, alikuja mwanamke kutoka njia ya Tseikuru. Alikuwa na kiondo, na nyuma yake mtoto wa kiume wa kama miaka mitatu, ambaye mara moja aliweka kidole kwenye gurudumu la cherehani.

"Mzee! Usiguse mashine ya watu!" akasema. Mtoto akatoka nje, akakaa kwenye ngazi na andazi lake.

Yule mwanamke akatoa kwenye kiondo koti la mwanamume. Lilikuwa la sufu, la kijivu, zito kama blanketi lililolowa. Nje lilikuwa limepauka mabegani, lakini nilipolifunua ndani ya mshono nikaona rangi yake ya kwanza, na moyo wangu ukaruka.

"Fundi, hii koti ni ya mzee," akasema. "Sasa inamkula. Akiivaa unatafuta mtu ndani yake."

Nilimtazama mtoto pale ngazini. Kweli ungemtafuta.

"Ni koti nzuri," nikasema.

"Ni yake tangu zamani, kabla mimi sijaingia hiyo boma."

Nikaelewa. Nilielewa sana. Nilielewa kwamba babu amefariki, jina limerudi kwa mjukuu, na koti limefuata jina. Nikashusha sauti. "Pole kwa mzee."

"Asante," akasema, naye akashusha yake. "Ni miaka tu. Mtu anaisha pole pole."

"Ndiyo hivyo."

"Basi upunguze imkae vizuri. Jumapili anasimama mbele ya kanisa, na mama mkwe hajalala kwa hiyo mambo."

Jumapili, mbele ya kanisa. Watoto walikuwa wakipelekwa mbele ya kanisa kila mara. "Nimpime?" nikauliza, na hilo ndilo swali pekee nililojiruhusu.

"Mpime, yuko hapo nje. Lakini mimi usiniite. Mimi siwezi kumshika." Akaenda kununua chumvi.

Nje, ng'ambo ya barabara, kwenye benchi la duka la pili, walikaa wazee watatu. Mmoja wao, mwembamba, mwenye fimbo, ndiye aliyekuwa mwenye koti, mzima kabisa, akinywa chai. Sikumtazama hata mara moja. Nilipiga magoti kwenye ngazi na kumpima mtoto: kifua, bega, mkono, mgongo, na kichwa, ingawa koti halipiti kichwani. Alilia nilipomshika kwapani. Nikampa kigurudumu cha uzi kilichokwisha, akanyamaza.

Mama yake akarudi. "Umempima?"

"Nimempima. Hakutaka kutulia."

"Hata nyumbani ni hivyo."

"Alilia kidogo nilipomshika kwapani."

Akasimama. "Alilia?"

"Kidogo tu. Nilimpa kigurudumu cha uzi achezee, akanyamaza."

Alitazama ng'ambo ya barabara, uso umeingia huzuni. "Ai," akasema. "Kweli amerudi kuwa mtoto." Nami nikafikiri, ni maneno mazuri namna gani haya, ya mtu anayeamini kwamba marehemu wetu hurudi katika watoto wetu. Karibu nitokwe na machozi. Tuliagana kila mmoja akimhurumia mwenzake.

Nilifanya kazi siku tatu, na lazima nikiri kwamba zilikuwa siku za raha kuliko zote nilizowahi kukaa mbele ya cherehani. Nililifumua koti lote. Kwa kuwa nje lilikuwa limepauka, niliamua kuligeuza, ya ndani iwe ya nje. Nilitengeneza kielelezo kwa karatasi ya mfuko wa saruji. Nilikata vipande vya mtoto kutoka mahali pazuri zaidi pa kitambaa, katikati ya mgongo na katikati ya vifua, mbali na kila doa. Kola niliishona mara tano. Matundu ya vifungo niliyazungushia uzi kwa mkono, matatu, na nikayafumua, na nikayazungushia tena. Nilitia bitana mbili, moja juu ya nyingine, ili koti lisimame. Mwishowe lilisimama kweli. Ungeweza kuliweka mezani likakaa lenyewe bila mtu ndani. Nililining'iniza kwenye msumari na kila aliyepita barazani alisimama. Fundi wa suruali wa duka la tatu, mwanamume ambaye hajawahi kunisalimia, alilishika ukosi akasema, "Mm." Niliishi kwa hiyo "mm" mpaka Ijumaa.

Ijumaa asubuhi akaja mzee mwembamba mwenye fimbo.

"Wakya?" akanisalimu kwa Kikamba, kisha akaendelea kwa Kiswahili kwa sababu pale dukani ndivyo tulivyosema. "Wewe ndiye fundi?"

"Ndiye mimi."

"Nimekuja kuchukua koti."

"Koti ipi, mzee?"

"Yangu. Ile ya kijivu. Mke wa kijana yangu alileta Jumanne."

Hata hapo sikuelewa. Akili yangu ilikuwa imejenga nyumba na haikutaka kuhama. "Ile ya marehemu?" nikauliza.

"Marehemu nani?"

"Mwenye koti."

"Mwenye koti ni mimi."

Nililishusha koti kwenye msumari na kumpa, kwa kuwa sikujua mikono yangu ifanye nini kingine. Alilitazama. Alitazama nyuma yake, kama mtu anayedhani kubwa limejificha nyuma ya dogo. Akatazama chini ya meza.

"Na ile ingine?"

"Ni hiyo tu."

Aliingiza mkono kwenye mkono wa koti. Viliingia vidole vinne, kidole gumba kikabaki nje. Koti likaning'inia kwenye vidole vyake.

"Hii ni koti yangu," akasema.

"Ndiyo, mzee."

"Imeenda wapi?"

Nilimweleza. Nilisema mjukuu, jina, nthoni, ngazi, kigurudumu cha uzi. Alipoelewa kwamba mkwe wake alikuwa amerudi nyumbani na kuliambia boma zima kwamba mzee alilia kwa fundi akanyamazishwa na kigurudumu, alifunga macho. "Ndiyo maana," akasema. "Tangu Jumanne wananikatia nyama vipande vidogo."

Kisha akafungua macho, akalitazama lile koti dogo mara ya mwisho, akanirudishia. "Na umeweka vifungo upande wa wanawake."

Ilikuwa kweli. Ukiligeuza koti, ya ndani ikawa nje, kulia kunakuwa kushoto, na mimi sikuwa nimeliona hilo kwa siku tatu nzima. Nitakiri yote: nilikuwa nimemuua mtu akiwa hai, nimekata koti lake la pekee, na kilichonichoma kifuani ni vifungo.

"Basi Jumapili haiko," akasema, na kwa maneno hayo nikajua nilichoharibu hasa.

Mzee na mke wake walikuwa wameoana kimila, miaka mingi. Mbuzi walitolewa, watoto wakazaliwa, wajukuu wakazaliwa, lakini ndoa haikuwahi kubarikiwa kanisani, kwa kuwa mzee hakutaka. Mwishowe, mwaka ule, akakubali, kwa sharti moja. Koti lile alilinunua mjini Salama alipokuwa kijana akifanya kazi ya barabara, na ndilo alilovaa siku aliyopeleka mbuzi nyumbani kwa kina mkewe. Alisema atasimama mbele ya mchungaji akiwa na koti lile lile au hatasimama. "Siwezi kuoa na shati peke yake," akaniambia, "kama mtu anaenda kuchunga." Akashika fimbo yake akaondoka.

Saa nane mchana akaja mke wake. Mama mfupi, mwenye kitambaa cha buluu kichwani, anayetembea haraka. Sikumjua, lakini nilijua. Nilisimama nikamwita nyanya kwa Kikamba, nikaanza, "Susu, nisamehe, mimi..."

"Kaa chini," akasema. "Unajua Jumapili ya meza ya Bwana mimi hufanya nini?"

"Hapana, Susu."

"Nashika watoto wa watu. Mtu ambaye hajabarikiwa ndoa hakuli meza. Sasa wenzangu wakienda mbele wananiachia watoto wao. Mmoja huku, mmoja huku, mwingine mgongoni. Wananikojolea. Mkate unapita, mimi nimeshika watoto. Hao niliowashika kwanza sasa wameoa, wamebarikiwa, wananiachia watoto wao." Akavuta pumzi. "Mimi napenda watoto. Lakini nimechoka kushika."

Nikamsogezea kigoda.

"Imebaki nini?" akauliza.

Ilikuwa imebaki foronya moja. Situpi vipande. Vilikuwa ndani, vimepangwa kwa ukubwa, vimefungwa kwa uzi. Nilivimwaga mezani: sehemu za juu za mikono hadi viwiko, kando za mgongo, pindo la chini, kola ya ndani, na bitana ya zamani iliyolegea. Nikasema naweza kufumua koti la mtoto na kujaribu kuunganisha upya. Akaliondoa koti lile mbele yangu.

"Hii usiguse. Huyu mume wangu mdogo pia amealikwa. Shona na haya."

"Hayatoshi mikono, Susu."

"Nani amesema mikono? Mzee akiangalia kifua chake aone koti yake, basi."

Ndivyo tulivyoamua kizibao. Jumamosi Susu alifika kabla sijafungua, akakaa kwenye kigoda mbele ya cherehani. Nilianza kuunganisha vipande, na kila upande wa kifua ulihitaji vipande kumi na kimoja, vingine vinaangalia juu na vingine chini, vingine vimepauka na vingine vipya, kwa sababu nililazimika kutumia pande zote mbili. Kufikia kipande cha nne mshono ukaenda kombo. Nikachukua wembe nifumue.

"Unafanya nini?"

"Hapa imepinda."

"Hata yeye amepinda. Endelea."

Kwenye kipande cha sita nikachukua wembe tena, na yeye akanyoosha kiganja. "Leta hapa." Aliuchukua, akaufunga kwenye karatasi, akauweka ndani ya kitambaa chake cha kichwani. Kwa mara ya kwanza tangu nijue sindano, nilishona bila njia ya kurudi nyuma. Nilimwambia, "Susu, nirudishie, kidogo tu, mshono mmoja." Akasema, "Ukiona mshono mbaya, angalia mimi." Nilimwangalia mara nyingi siku ile. Alikuwa akila karanga.

Mgongo niliukata kwenye bitana ile ya zamani, vipande viwili vinavyokutana katikati, na kitambaa hakikutosha kuacha nafasi ya kutosha kwenye mshono. Nilimwambia hilo. Akasema, "Atakuwa anaangalia mbele."

Jioni jua likiwa bado liko juu ya paa za maduka, mzee akaitwa. Alikivaa kizibao. Kilimkaa kama ramani ya nchi isiyojulikana. Alishusha kidevu akafuata kipande kimoja hadi kingine kwa kidole, mpaka akafika juu ya kitovu, mahali palipokuwa na kitundu kidogo kilichotiwa uzi zamani.

"Hii ilikuwa kiwiko," akasema.

"Ndiyo, mzee."

"Mbuzi wa kwao alinivuta hapa. Siku hiyo." Hakumtazama mkewe. "Sasa kiwiko iko tumboni."

"Lakini ni hiyo?" mke wake akauliza. Nilimsikia ameacha kutafuna.

Mzee akavuta kizibao chini kwa mikono yote miwili. "Imeumia," akasema. "Lakini ni hiyo."

Jumapili nilikaa benchi la nyuma kabisa, karibu na mlango, kama mtu anayejua atahitaji kukimbia. Kanisa lilijaa, bati likawa linatoa sauti kwa joto. Mjukuu aliletwa ndani akiwa amevaa koti langu, na nyuso zikageuka, na kwa dakika tatu nilikuwa fundi mkubwa kuliko wote kati ya hapa na Mombasa. Nilikuwa nimefikiria kola, vifungo, mistari ya mabega. Sikuwa nimefikiria kwamba ndani ya sufu nzito na bitana mbili, chini ya bati, Mwingi, kutakuwa na mtoto wa miaka mitatu anayepikika. Alianza kwa kuwa mwekundu machoni. Kisha akapiga kelele moja iliyokata wimbo katikati. Alijaribu kulivua, lakini matundu yangu yalikuwa imara mno na vifungo vilikuwa upande asiouzoea, akaanza kuzunguka mahali pamoja kama kuku aliyefungwa mguu. Mama yake alimtoa kwa kumvuta kutoka juu. Koti likabaki sakafuni katikati ya njia, limesimama lenyewe, vizuri sana, na maharusi ikabidi walizunguke.

Mchungaji aliyekuwa akibariki alikuwa mgeni, ametoka mbali. Alimgeukia bwana harusi akasema kwa sauti ya kujaza kanisa: "Mzee! Je, umekubali kumchukua mwanamke huyu?"

"Sitaki!" akajibu mtoto kutoka kwenye mapaja ya mama yake. Alikuwa ameitwa, na tangu koti lile hakutaka kitu chochote ambacho angeulizwa.

Watu walicheka mpaka mchungaji akafunga kitabu. Alitazama kulia na kushoto, hajui kilichotokea. Nami pale nyuma niliuma kitambaa changu, kwa sababu niliona mzee amekunja uso, ameshika fimbo, na niliwahi kumwona akishika fimbo hivyo mara moja, akiondoka.

"Endelea, Pasta," mzee akasema. "Huyo anajibu yake. Yangu ni ndiyo."

"Basi sema maneno yote..."

"Ndiyo kwa yote. Nilisema zamani kwao, na mbuzi wakasikia. Andika."

Mke wake aliulizwa. Alijibu kabla swali halijaisha. Wakaambiwa wapige magoti waombewe.

Nilijua kitakachotokea kabla hakijatokea. Mzee alishuka goti moja, akashuka la pili, akainama, na pale nyuma, kwenye benchi la mwisho, nilisikia. Naapa nilisikia. Mshono wa katikati ya mgongo ulifunguka kutoka shingoni hadi kiunoni, taratibu, kama mtu anayefungua barua, na shati jeupe likachungulia. Niliinuka nusu. Sindano ilikuwa kwenye kola yangu, uzi ulikuwa mfukoni, na miguu yangu ilikuwa tayari imeanza safari ya kwenda mbele ya kanisa zima.

Bibi harusi hakufungua macho. Alinyoosha mkono tu, akaupitisha nyuma ya mumewe, akaukusanya mpasuko ule kwenye kiganja chake kama anavyokusanya mtu kanga iliyolegea, akaushika. Benchi la mbele akina mama wakaguna kwa kupendezwa. Mmoja akafuta machozi. Wote walifikiri ni mapenzi, na mimi niliyejua ni mshono, hata mimi baada ya muda sikuwa na hakika.

Nikakaa. Mchungaji aliomba kwa muda mrefu: aliombea nyumba hiyo, mvua, mifugo, wasafiri, shule, na wagonjwa wa kila aina. Mkono wa bibi harusi haukusogea. Na mkate ulipoanza kupita, mama mmoja kijana aliyezoea kumwachia Susu mtoto alisimama kwenye benchi lake na mwanawe mikononi, akatazama huku na huku akitafuta wa kumwachia. Bibi harusi alikuwa mbele, na mkono mmoja alikuwa anautumia. Mama yule akatazama nyuma, akaniona mimi nimekaa bure, akaja akaniwekea mtoto mapajani. Mtoto alikuwa amevaa kaptura niliyoishona mimi, kutoka mkono wa shati la baba yake, na mguu mmoja wa kaptura ulikuwa mrefu kuliko mwingine.